Fimbo ya Mkole

Makutupora,
9 Juni 2024

Kaka Yotham,

Shikamoo. Huku wazima, ila vumbi na huu upepo wa Juni vimetupasua midomo, hata kucheka ni kazi. Wifi na watoto hawajambo? Mwambie wifi kile kitenge nimeshakishona, na kanisani wamenitazama mpaka nikasahau wimbo. Shangazi Anyesi alinipigia kutoka Haneti. Anasema mahindi yamekauka yakiwa kimo cha goti, na uwele uliobaki wameula ndege. Ila mdogo wetu Yasinta anazidi kurefuka, na juzi alipiga ngoma kwenye harusi mpaka bibi harusi akaachwa peke yake, watu wote wamemzunguka yeye. Mikono ile ni ya marehemu mama, mtu asinibishie.

Utashangaa kuona barua kutoka kwa mtu mwenye simu. Simu sasa ni ya kusalimiana tu. Lile kundi letu la WhatsApp la hapa kiwanda cha mvinyo kuna mtu alilipiga picha akazipeleka ofisini, na wenzetu watatu wakafukuzwa siku hiyohiyo. Ndiyo maana nampa Abbasi, yule Mrangi mwenye lori la mahindi. Yeye akipewa kitu anafikisha na haulizi.

Jambo lenyewe ni mashine. Nilishakusimulia: sisi tunamwaga zabibu, na ndani kuna parafujo nene kama paja inayozitenganisha na vikonyo vyake. Zamani ilikuwa na kifuniko cha wavu wa chuma. Msimu uliopita wakakitoa, ati kinachelewesha kazi. Vikonyo vikiziba inabidi uvitoe huku mashine inazunguka, maana kuizima ni kosa la kuitwa ofisini. Restuta, jirani yangu kwenye mstari, imemla vidole vitatu. Na kifuniko kipo stoo, kaka! Nimekiona kwa macho yangu, wameanikia matambara ya kudekia.

Tangu siku ile kila mmoja wetu amekata fimbo yake ya mti wa mkole, urefu wa mkono, ya kuzibulia. Haijaandikwa popote. Msimamizi ukimuuliza atasema hajawahi kuiona. Ila mgeni akija kazini tunampa fimbo kabla hata ya kumwonyesha choo.

Chama cha wafanyakazi tunacho. Katibu wa tawi alikuja, akanywa soda kwa meneja, akaandika kwamba Restuta alizembea. Kamati nayo aliiunda meneja mwenyewe, na mwaka mzima imejadili rangi ya sare. Basi tumeamua kujisemea. Tuko arobaini na wanne. Tunakutana kwenye mazoezi ya ngoma: meneja anapenda wageni wake wapigiwe muheme, ngoma yetu ya wanawake, katupa saa moja kila Jumamosi nyuma ya stoo, na ofisini hakuna anayesogea kwa sababu wanasema ni kelele za Wagogo. Wawili wanapiga, waliobaki tunapanga.

Ngoma zetu mbovu. Nitumie ile ya mama uliyoichukua baada ya msiba. Wewe mwanaume unaifanyia nini?

Mdogo wako,
Jenifa

*

Kibaigwa,
30 Juni 2024

Mdogo wangu Jenifa,

Marahaba. Abbasi kanifikishia barua, imenuka dizeli lakini imesomeka. Sisi ni wazima kwa neema ya Mungu. Mtoto wa mwisho alisumbuliwa na sikio, sasa analala. Wifi yako anakusalimu sana. Soko limelala, madalali ni wengi kuliko magunia, na mimi pale kwenye mizani napima upepo.

Sasa. Nimesoma mambo yako mara mbili na sikuyapenda. Nani kakwambia wewe ndiye wa kusimama mbele ya watu? Baba alipofariki nilikuwa na miaka kumi na saba, nikabeba magunia mgongoni ili wewe ufike kidato cha nne. Sikubeba ili uje ukae nyuma ya stoo na wanawake wenye hasira. Kiwanda kina wenyewe. Kama mashine ni mbaya, simama mbali nayo. Kuna watu huku nje wangeikumbatia hiyo mashine na kuiimbia pambio.

Nisikufiche, nami nimepata kishughuli nje ya mizani. Si kikubwa. Kinanitembeza, hata Haneti nimefika mara mbili. Hali ya kule inatia huruma, watu wanauza mbuzi wa mwisho. Tukionana nitakueleza.

Ngoma ipo juu ya kabati. Nitaituma.

Kaka yako,
Yotham

*

Makutupora,
14 Julai 2024

Kaka,

Shikamoo, na pole ya sikio la mtoto. Mimi nakohoa kidogo, ni ile dawa wanayopulizia kwenye mapipa. Zabibu zimeanza kubadilika rangi, mwezi ujao tutakoma.

Umenichekesha kweli. Nisimame mbali na mashine! Nimwage zabibu nikiwa wapi, juu ya bati? Restuta sasa anafungwa vifungo vya blauzi na mwanawe wa darasa la tatu. Na ukafika Haneti mara mbili bila kunipa hata salamu za Yasinta, makubwa haya.

Sijasimama mbele, kaka, kwa sababu mbele hakuna. Barua ya kudai kifuniko tumeiandika kwa mikono yote, kila mtu neno moja, maneno arobaini na manne, ili wasijue mwandiko wa nani. Restuta kaandika neno "vidole" kwa mkono wa kushoto. Tumeipitisha chini ya mlango wa meneja wiki mbili zilizopita. Kimya. Kwa hiyo tutakaa chini. Siku malori ya kwanza ya zabibu yakiingia, hakuna atakayeshusha kreti hata moja. Zabibu hazingoji, zikilala siku mbili kwenye kreti zinachacha. Wakitaka wasitake watatusikiliza.

Tunachokiogopa ni kimoja, vibarua wa kuletwa. Kuna mawakala wanapita vijijini kuorodhesha majina, na mtu mwenye njaa haulizi anapelekwa wapi. Kwa hiyo kila mmoja wetu ameandika kwao. Kwetu ni wewe. Nenda Haneti uwaambie asipande mtu lori. Mimi wataniona mtoto, ila wewe ukisema wanakaa.

Na ngoma, kaka. Usijifanye umesahau.

Jenifa

*

Kibaigwa,
21 Julai 2024

Mdogo wangu mpendwa,

Marahaba, marahaba sana. Safari hii sikukawia, unaona. Mtoto amepona kabisa, anacheza. Wifi yako amekuwekea karanga, Abbasi atakupa. Kunywa maji ya moto na ndimu kwa hicho kifua.

Nimekaa nikafikiri, nikaona nilikujibu kwa ukali. Wewe ni damu yangu. Kama mmeamua, basi mkono wa Mungu uwe juu yenu. Nataka nifunge kwa maombi siku hiyo, mimi na wazee wawili wa kanisa. Lakini kufunga kunataka siku. Ni lini hasa? Na mtakaa nje wote, au wapo watakaobaki ndani? Niambie vizuri ili tujue tunaombea nini.

Haneti nitakwenda, usiwe na wasiwasi. Nitazungumza na watu.

Ngoma ilikosa nafasi kwenye lori. Safari ijayo.

Akupendaye,
Yotham

*

Makutupora,
28 Julai 2024

Kaka yangu,

Shikamoo. Karanga nimezila siku moja, kifua hakijapona lakini tumbo limefurahi. Mungu akubariki na mke wako.

Barua yako niliisoma nikalia, sikufichi. Nilidhani umenitupa. Tulikubaliana hapa kwamba siku isitoke nje, hata kwa mume hairuhusiwi, na Restuta alituapisha mmoja mmoja tukiwa tumeshika ngozi ya ngoma. Lakini mama angekuwa hai ningemwambia, na wewe ndiye uliyebaki mahali pake.

Ni Jumatatu tarehe kumi na mbili Agosti. Tutatoka wote, hatabaki mtu. Tutakaa nje ya geti kuanzia saa moja asubuhi. Restuta atapiga ngoma mara tatu na kila mtu ataacha alichoshika.

Na tunaondoka na fimbo zetu! Hilo ni wazo langu mimi, walinipigia vigelegele. Wakileta watu wao, tuwaone watazibua na nini. Mashine itakaba ndani ya nusu saa na meneja atakuja getini mwenyewe na kifuniko kichwani kama beseni la maandazi.

Funga, kaka, na uniombee nisiogope. Naogopa.

Jenifa wako

*

Makutupora,
25 Agosti 2024

Kaka Yotham,

Shikamoo. Simu yako inaita haipokelewi, kwa hiyo naandika. Sijui kama wifi na watoto wazima. Natumaini.

Siku ile malori mawili ya zabibu yaliingia saa moja. Restuta akapiga. Tukatoka wote arobaini na wanne, fimbo mikononi, tukakaa chini nje ya geti tunaimba. Nilikuwa na furaha, kaka. Sijawahi kuwa na furaha ya namna ile tangu nizaliwe. Kilichonishangaza ni meneja. Hakutoka, hakupiga simu, alisimama dirishani anakunywa chai.

Saa tatu lori la tatu likaja. Nikadhani zabibu. Walikuwa watu. Nikasikia Kigogo cha kwetu, nikaona kofia ya mzee Denis, jirani wa shangazi. Haneti nzima imo humo ndani. Kisha mlango wa mbele ukafunguka, akashuka Yasinta amevaa gauni la Pasaka. "Dada Jeni!" Akanipungia mkono, anacheka. Nikapiga kelele asiingie. Walinzi wakamsukuma na wenzake ndani, geti likafungwa, na mimi nikabaki nimeshika nondo za geti.

Ilipofika saa saba kasoro, mashine ikabadilika sauti. Sisi sauti ile tunaijua. Wote tulisimama. Restuta akakaa tena chini, akajifunika uso na khanga.

Ni Yasinta, mkono wa kulia. Hospitalini wameukata juu ya kiwiko. Hawajaniambia mengi na mimi sikuuliza. Mashine ilizimwa dakika kumi, wakaimwagia maji, wakaendelea. Zile zabibu hawakuzitupa.

Kesho yake asubuhi kifuniko kilirudishwa. Kimepakwa rangi ya kijani. Katibu wa tawi amepigwa picha amesimama pembeni yake, ipo kwenye ubao wa matangazo. Tulichodai tumepata, kaka, tumeshinda. Sisi sote tumefukuzwa, na watu wa Haneti wamebaki kazini. Restuta haongei na mimi. Tulikuwa tumeapa, na meneja alijua siku mpaka saa. Wanamtafuta aliyesema.

Sijawaambia. Nakuuliza wewe kwanza: ulimwambia nani?

Jenifa

*

Kibaigwa,
15 Septemba 2024

Mdogo wangu,

Marahaba. Sisi wazima, ila wifi yako hali chakula vizuri tangu apate habari hizi. Simu ilikuwa imeharibika kioo. Tumelia sana kwa ajili ya Yasinta na kanisa zima limemweka kwenye maombi. Huku mvua bado, tunaezeka nyumba upya kabla haijaja.

Unaniuliza nilimwambia nani. Sikumwambia mtu. Niliwaambia wazee wa kanisa, na wazee wa kanisa nao wana ndugu. Dunia haina siri, Jenifa. Haneti nilikwenda kama ulivyoniagiza na nikazungumza na watu. Kama baadaye waliamua kupanda lori, ningewafunga kamba? Watu wanakula mizizi. Huyo aliyewaandikisha, hata awe nani, usimhukumu upesi. Pengine aliona familia arobaini zitapika jioni. Na kama kuna mtu alimwona Yasinta akipanda, bila shaka alifikiri anakwenda kwa dada yake, mahali salama. Mimi siku hiyo nilikuwa Kibaigwa, kwenye mizani.

Lakini kwa kuwa umeanza wewe kuuliza, nami niulize. Uliniandikia kwa mkono wako kwamba mgeni akija hapewi mashine bila fimbo. Tena ukaniandikia kwamba fimbo mmeondoka nazo, na wazo ni la nani. Barua ninayo. Mimi sikumwekea mtoto mkono kwenye mashine.

Nasema hivi kwa upendo, ili tusinyosheane vidole. Tufunike haya, tumlee mdogo wetu. Yasinta asijue lolote kati ya haya, si yangu wala yako.

Ngoma ya mama nimempa Abbasi. Ichukueni.

Kaka yenu,
Yotham

*

Makutupora,
20 Oktoba 2024

Yotham,

Safari hii sina shikamoo. Wifi na watoto nawasalimu, wao hawajafanya kitu. Shangazi Anyesi yupo hapa kwangu wiki ya tatu, anamwogesha Yasinta na kumsuka, na akimaliza anatoka nje analia nyuma ya choo, anadhani hatusikii.

Hukuwa kwenye mizani. Yasinta ameniambia mwenyewe, bila hata kuulizwa, anasifia. Ulisimama pale Haneti na daftari, ukaita majina, na alipopanda nyuma na wenzake ukamshusha ukamweka mbele na dereva kwa sababu ni wa nyumbani. Ulimwambia asinipigie simu, nitafurahi zaidi nikimwona ghafla. Mtoto hana kinyongo na wewe hata chembe. Anauliza kama zile bati mpya za nyumba yako zinang'aa.

Nilitaka kukutaja kwa wenzangu. Nilikwenda mpaka kwa Restuta. Nikasimama mlangoni, mwanawe anamfunga vifungo, na mdomo ukakataa. Nikikutaja wewe lazima niseme siku uliipata wapi. Umenifunga mdomo, na ulijua kwamba utanifunga. Jumamosi iliyopita walimshukia mwenzetu Tabu, yule wa Kondoa mwenye watoto mapacha, kwamba ndiye aliyesema. Walimtemea mate sokoni mbele ya wanawe. Nilikuwepo na sikusema kitu.

Kwa hiyo usihofu. Barua zako nimezichoma, na wewe choma zangu. Tuko salama, wewe na mimi.

Ngoma imefika. Abbasi aliishusha ikiwa kwenye gunia na mimi nilikuwa kisimani, kwa hiyo alifungua Yasinta, kwa meno na mkono wa kushoto. Nilimkuta ameketi, ameibana katikati ya magoti kama mama alivyokuwa akiibana. Akapiga pigo moja la kushoto, akasubiri. Bega la kulia likainuka lenyewe, likashuka. Akapiga tena la kushoto, akasubiri tena. Alifanya hivyo muda mrefu. Shangazi akainyang'anya na kuiweka nje kwa kuku.

Jioni ile nilikuwa nachochea moto. Kuni zilikuwa mbichi, nikanyoosha mkono nyuma ya mlango nikachukua ile fimbo yangu ya mkole kusukumia makaa. Sijui kwa nini nimeihifadhi. Ina rangi ya zabibu mpaka katikati, haitoki hata ukisugua kwa mchanga. Yasinta akaitazama, kisha akanitazama.

"Dada," akasema, "kuna kitu nataka kuuliza siku nyingi. Ile mashine ilikuwa inaziba kila mara. Ninyi wenyeji mlikuwa mnazibua na nini?"

Shangazi alikuwa anapepeta mchele, akaacha.

Nikaisukuma fimbo ndani ya moto mpaka ikashika. Nikamwambia, kwa mkono, Yasinta. Kwa mkono kama wewe.

Jenifa